Uji wa Kibuyu Kimoja

Matinyani, Kitui
14 Agosti 1988

Kwa dada yangu Kavata, binti ya mama yangu,

Nakutumia salamu nyingi kuliko nyuki wa mzinga mmoja, na wewe unajua mzinga wangu mimi una nyuki wangapi. Habari ya mji wenu wa Wote? Magoti yako bado yanauma wakati wa baridi? Na mwanao Mutie, hajambo yeye na wanafunzi wake? Najua ndiye anakusomea. Mutie, soma polepole. Usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali utataka kuruka. Ni mjomba wako anasema.

Sisi hapa tunapumua. Mvua ilikuja siku tisa ikaenda zake, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini. Lakini mbaazi zangu zimesimama, watu wakipita barabarani wanageuza shingo. Mke wangu anakusalimu. Anasema nikuambie ile shuka uliyomtumia Krismasi ameifanya ya kanisani.

Utashangaa kuona ni mkono wangu mwenyewe. Msichana wangu Mumbua alitaka kuniandikia, nikakataa. Nilisoma gumbaru, masomo ya watu wazima, miaka miwili, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba hakuna mzee hapa Matinyani anayeandika K kama mimi. Kuandika tulifundishwa kwa Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia hivi, ingawa tukionana tutaongea Kikamba chetu. Barua hii imekula siku nne. Ukiona mstari umepanda mlima, mimi pia nimeuona.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa tano nilipanda mgunga ule wa kando ya mto kuangalia mizinga. Mke wangu alikuwa amesema nisipande, pasta alisema nisipande, hata Mumbua akasema mzee wa miaka sitini anapanda mti kutafuta nini. Nikawaambia nilipanda miti kabla mama zao hawajajua kutembea. Nikapanda, nikafika. Nikiteremka ndiyo mguu uliteleza, tena chini kabisa, urefu wa mbuzi tu, nikagonga kichwa kwenye mzizi. Nikasimama hapo hapo, nikajipangusa, nikacheka. Jioni nilikula ugali wa watu wawili. Nikawauliza, sasa nani alisema nisipande?

Wiki tatu zikapita. Kichwa kikaanza kuwa kizito asubuhi, kama nimelala na jiwe la kusagia juu yake. Nikasema ni malaria, nikameza dawa za duka. Kisha mguu wa kulia ukaanza kukokota vumbi. Nikamwaga chai mara mbili. Siku moja nikamwita mke wangu kwa jina la mbuzi, naye hakucheka. Nikazidi kukataa hospitali, mpaka asubuhi moja nikatapika bila kula kitu, na Mumbua akaita vijana wanne wakanibeba kama gunia. Niliwatukana njia nzima, wanasema, lakini maneno yalitoka nusu nusu, kwa hivyo hakuna aliyekasirika.

Kutoka Kitui nikapelekwa hospitali kubwa Nairobi. Huko kuna daktari kijana anaitwa Gicheru, mtu wa Murang'a, mpole, ana vidole virefu kama vya mchongaji. Alininyoa kichwa, akatoboa mashimo mawili kwenye mfupa. Ndiyo, dada, kutoboa, kama fundi anavyotoboa mbao. Ikatoka damu nyeusi kama oili chafu ya lori. Nesi aliniambia nilipoamka kitu cha kwanza nilichouliza ni nani anafunga mbuzi wangu. Wodi nzima hakuna mgonjwa aliyepona haraka kama mimi. Waulize.

Siku ya tano nikabishana na daktari. Nikamwambia hii damu haikutoka kwa kuanguka, kwa sababu mimi nilianguka nikasimama, nikacheka, nikala. Kichwa kikivunjika mtu analala chini. Yeye akavuta kiti, akaketi kama mtoto wa nyumbani, akasema hapana, mzee. Akaniambia mtu anaweza kugongwa kichwa, asimame, acheke, aende kwake akale vizuri, na huku ndani mshipa unavuja. Kwa mzee kama mimi damu inavuja polepole, wiki hata mwezi. Kwa kijana aliyegongwa hapa juu ya sikio, inaweza kujaa usiku mmoja. Damu inajaa, ubongo unafura, na mfupa hauna mlango. Nikamwambia basi ni kama kibuyu cha pombe ya asali kilichozibwa mdomo, pombe inachacha mpaka kibuyu kinapasuka. Akafikiri, akasema ni hivyo, lakini fuvu halipasuki, mzee. Kinachokufa ni kile kilicho ndani.

Nikamuuliza kama mtu huyo anatapika. Akasema ndiyo, anatapika, na si tumbo, ni kichwa kinabanwa. Nikamuuliza kama anakoroma. Akasema anakoroma sana, na watu wa nyumbani wanasema mwacheni, amelala. Nikamuuliza habari ya jicho, jicho moja mboni yake kupanuka kuliko ya lingine. Akanitazama, akauliza nimeona wapi jambo hilo. Nikageukia ukuta nikamwambia nataka kulala.

Kavata, sikulala. Nilikaa kwenye kitanda cha chuma siku kumi na mbili, mawazo yangu yakiwa nyumbani kwetu zamani. Nilituona tukichimba maji kwenye mchanga wa mto, wewe ndani ya shimo kwa sababu ulikuwa mdogo, mimi na Muthama juu tukipokea kibuyu, na wewe ukitutukana kwamba mchanga unaingia masikioni. Muthama alikuwa bado si mume wako. Alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto tu, mwenye pengo la jino, anayepiga mluzi. Unakumbuka ule mluzi? Ndege wa asali alikuwa anauitikia, anaruka mti kwa mti akitungoja, na Muthama anamwambia tangulia, mzee, tunakuja. Mimi nilipiga mluzi mpaka midomo ikakauka, yule ndege hakunijali hata siku moja. Sijawahi kusema hivi kwa mtu.

Nilimwona baba chini ya mgunga akitufundisha alama. Mzinga wa ukoo wetu una mikato miwili kwenye kifuniko, wa akina Kiilu una mitatu. Alisema mizinga haina ua wala mlinzi, inalindwa na alama peke yake, na mtu akifungua mzinga wa mwenzake hata mbuzi wake hawasalimiwi. Mimi nilijisifu kwamba nasoma alama kwa vidole nikiwa nimefunga macho. Nilijisifu kila mahali, kwenye pombe, kwenye ngoma, hata siku ya kupeleka asali ya kukuposa. Muthama alicheka, akasema shemeji, siku moja vidole vyako vitalewa. Asali ile ilikuwa vibuyu sita, nyeupe ya maua ya mgunga. Mama alionja akafumba macho. Ulikuwa umejificha nyuma ya ghala ukijifanya unapepeta mtama, na ungo ulikuwa mtupu.

Najua sasa umejua ninakokwenda. Ngoja nifike kwa miguu yangu.

Nimekuja kwako Wote mara mbili katika miaka ishirini na miwili. Mara zote mbili ulinipikia, na mara zote mbili nilisema nimeshiba, nimekula hotelini sokoni. Ulifikiri ninaogopa chakula chako kama watu wa huku. Uliondoa sahani, na mara ya pili nilikuona ukimwaga uji kwa kuku. Dada, sikuwa nimekula hotelini. Nilirudi na basi mpaka Machakos tumbo likinguruma, abiria wa kando akaniuliza kama nimebeba paka.

Sikuogopa uji wako. Sikuweza kuunywa, kwa sababu niliwahi kuunywa nikaukana.

Siku ile ya mwaka wa sitini na sita, alasiri, tulikwenda mimi na Muthama kushusha mzinga. Mimi juu, yeye chini, kama kawaida yetu. Nilipapasa kifuniko kwa vidole, nikasema ni wetu, nikaufunga kamba nikaanza kuuteremsha. Ulipofika nusu Muthama akaona kifuniko. Akaniita, akasema Ndolo, hii ni mitatu, huu ni wa Kiilu, urudishe. Nikamwambia ana macho ya kuku. Akasema ngoja nikuhesabie, moja, mbili, tatu, hata mtoto anajua. Akawa anacheka. Mimi nikakasirika, nikavuta kamba kwa nguvu kumwonyesha kwamba najua ninachofanya, na kamba ikachomoka. Mzinga ukamwangukia juu ya sikio la kushoto.

Alilala chini muda wa kuhesabu kumi. Kisha akaamka, akashika kichwa, akasema mzinga wa Kiilu umemsalimu. Hakukuwa na damu hata tone. Mzinga ulikuwa umepasuka na nyuki wanahama. Akasema twende kwa Kiilu sasa hivi tumwambie tumekosea, atatutukana kidogo, tutampa asali yetu, yaishe. Na yangeisha, Kavata. Lakini nilifikiria watu wakisema Ndolo msoma alama hajui kuhesabu mpaka tatu. Nikamwapisha anyamaze. Akaapa kwa sababu alinipenda.

Tukaja kwako. Ulitupa uji wa wimbi, ule wako mchachu, kwenye kibuyu kimoja. Alikunywa yeye, nikanywa mimi, akanywa tena, na mimi ndiye nilimaliza na kupangusa kwa kidole. Ulinitania kwamba nikuachie hata kibuyu chenyewe.

Yaliyobaki uliyaona. Alfajiri kichwa, kisha kutapika, kisha kukoroma. Nilipoitwa nilikuta watu wanacheka mlangoni, wanasema amekunywa pombe ya nani huyu. Nilimtazama, nikaona jicho lile, nikasema mwacheni alale. Mimi ndiye nilisema. Mchana akawa amekufa.

Mama yake, Mbinya, akaonyesha uji sakafuni mahali alipotapika, akauliza nani aliupika. Wazee wakaketi. Ukasema Ndolo alikunywa kibuyu hicho hicho, muulizeni, si huyo mzima. Na watu wote wakanigeukia. Ningesema ndiyo, wangeuliza mlikuwa mnatoka wapi wawili. Na asubuhi ile Kiilu alikuwa amelia sokoni kuhusu mzinga wake, na mimi nilikuwa nimemlaani mwizi kwa sauti kuliko wote. Nikasema sikunywa. Nikasema nilipita njia tu, sikumwona Muthama jana yake.

Ulinitazama tu, na mkono umeshika tumbo, Mutie akiwa ndani. Jioni walivunja kile kibuyu kwenye jiwe, wakakufukuza na nguo ulizovaa. Umejua miaka yote kwamba nilisema uongo. Kitu ambacho hukujua ni kwa nini. Labda ulifikiri mimi ndiye nilitia kitu. Haki yako kufikiri. Na mimi nilijiambia si mzinga, kwa sababu alisimama, alicheka, alikula. Nilijishikilia hapo kama kupe, mpaka daktari wa watu akaketi kwenye kiti.

Mutie, umeruka? Rudi usome tena. Baba yako hakuuawa na mama yako. Aliuawa na mzinga uliotoka mkononi mwangu, na kwa sababu ya kiburi changu alikufa bila mtu kujua anaumwa wapi. Sijui kama Kitui ya wakati ule kungekuwa na mtu wa kumtoboa. Hata hivyo hatukumpa nafasi.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, kichwa hiki na makovu yake mawili, nikasema yote. Nilimwita Kiilu, ambaye sasa haoni, akashika mkono wangu, akahesabu vidole vyangu vitatu, akasema miaka yote hii alimlaani mwizi asiyemjua, kumbe ni mimi. Wazee wamesema shamba la Muthama litapimwa, Mutie aje aonyeshwe mipaka yake.

Kisha nilikwenda kwa Mbinya. Ni mzee sana, anaota jua mlangoni. Nilimweleza. Hakunitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama yule msichana bado anachachusha uji wake siku mbili, maana hajawahi kupata mwingine kama ule.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Msamaha wa barua ni mwepesi, upepo unaubeba. Nakuomba uje. Njoo na wimbi yako mwenyewe, upike uani kwa Mbinya, mchana, watu wakiwa wamejaa. Nimeotesha mmung'unye mwaka huu, nimekausha kibuyu kipya, na sikukichonga alama yoyote. Nitakunywa wa kwanza, nipanguse kwa kidole kama siku ile. Mbinya amesema yeye wa pili. Ukikataa, nitakuja mimi Wote nikae mlangoni pako, na unajua mimi siondoki kwa urahisi.

Nisalimie majirani zako na wote waliokupa mahali pa kulala wakati mimi nilikunyima. Mke wangu na Mumbua wanakukumbatia. Mungu awashike mkono njiani.

Na tukionana, dada, usiniulize kama nimeshiba. Sijashiba.

Ni mimi kaka yako,
Ndolo wa Mutunga