Shabiki wa Ligi Isiyokuwepo

Shemeji Barasa,

Bahati inanipenda kuliko anavyonipenda mamangu. Mjerumani mmoja mzee, tajiri wa kutisha hapa Doonside, Afrika Kusini, amenifanya mgeni wake. Kila adhuhuri tuko barazani na soseji na viazi, jua la Januari likichoma mabati.

Jana akaniambia babake alikuwa golikipa mashariki mwa Ujerumani, kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Enzi hizo kila jimbo lilikuwa na ligi yake, halafu mabingwa wa majimbo wanakutana kumtafuta bingwa wa nchi nzima.

Nami, mjuzi wa mpira, nikauliza, "Na msimu huu mko nafasi ya ngapi?"

Akausukuma uma kando. "Hakuna msimu, kijana. Baada ya vita hata mji wetu ulipewa nchi nyingine. Wanangu wanajua raga tu. Nikifa mimi, timu ya baba imekwisha."

"Timu haifi ikiwa na shabiki," nikamwambia. "Jezi yenu rangi gani?"

"Nyeupe, mstari mweusi kifuani."

"Basi nihesabu."

Akanikazia macho, kisha akaanza kunitajia wachezaji kuanzia golini, nami nikiyarudia yale majina ya kuvunja ulimi, mpaka viazi vikapoa. Wewe uliyelala njaa timu yako iliposhuka daraja, nimekuandikisha pia. Usibishe.

Mkumbatie dada, na watoto wanenepe.

Wenu, Wekesa

Shemeji, mzee si tajiri wala mimi si mgeni. Hapa ni makao ya kutunzia wazee, nimeajiriwa kumlisha.