Lalamika Kidogo, Dada

Chuoni, tarehe 11 Oktoba

Kwako Dada mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mwili haujambo. Roho, acha tu. Tulikubaliana ya nyumbani tuyaongee kwa simu na ya shule tuandikiane, kwa sababu kwenye simu ukitoka kazini unaniitikia "ehee, ehee" huku umeshalala. Basi haya ni ya shule.

Dada, thamodinamiki, hili somo la joto na nishati, imenishinda. Jaribio la kwanza nimepata alama za kuonea haya. Mhadhiri anaandika ubaoni kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Wasichana tuko wachache, na nikiuliza swali wavulana wanageuka kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Nataka kuhamia biashara. Mwenzangu wa chumbani anasoma biashara na analala usingizi wa mtoto mchanga. Wewe ndiye uliyenitangulia kwenye uhandisi huu wa kemia, kwa hiyo nakusikiliza wewe. Ukisema nihame, nahama.

Mdogo wako,
Kiherehere


Nyumbani, tarehe 26 Oktoba

Kwako Kiherehere wangu,

Barua imefika, nimeisoma miguu ikiwa kwenye beseni. Mama mzima, anakusalimu. Mimi si mzima na usiniulize. Viatu vya kazi walivyotugawia vimenichubua visigino. Meneja kabadilisha zamu bila kumwambia mtu. Kikohozi kimehamia kwangu moja kwa moja, kimebaki kulipa kodi tu. Na harufu ya kiwanda chetu cha ngozi haitoki hata uoge kwa limau. Juzi benki foleni nzima ilinipisha, nikasema ahsanteni jamani, kumbe watu wananikimbia!

Sasa shule. Hakuna kuhama. Nakujua: unakariri fomula kama shairi la darasa la tatu. Acha. Chora kisanduku. Andika kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki ndani, ndipo utafute fomula. Halafu mfuate mhadhiri ofisini. Ubaoni simba, ofisini utakuta ni baba wa watu tu. Na mwaka huu chukua somo la usalama viwandani. Wenzako watakwambia ni kupoteza muda. Waache waseme.

Nikupe mfano. Dawa yetu ya kunyofolea manyoya kwenye ngozi ikikutana na asidi hutoa gesi inayonuka mayai viza. Ukiisikia, unatoka. Lakini siku moja utaisikia, halafu ghafla huisikii tena. Mgeni hufurahi, hudhani imekwisha. Kumbe gesi imezidi, na pua ndiyo iliyokufa. Hapo hakuna kuaga mtu, ni mbio. Mafundi wetu wana msemo wao: harufu ikiwepo tembea, ikipotea kimbia.

Kula vizuri.

Dada yako


Chuoni, tarehe 17 Februari

Kwako Bi Manung'uniko,

Shikamoo. Vipi visigino? Vipi kikohozi, kimelipa kodi? Nakuuliza yote kwa pamoja ili usipate pa kuanzia.

Dada, nimefaulu! Si kwa kishindo, lakini nimefaulu. Nimechora visanduku mpaka kwenye kanga ya mwenzangu wa chumbani, tumenuniana siku mbili. Mhadhiri kweli ni baba wa watu. Na lile somo la usalama nimelichukua, tuko saba darasa zima.

Sasa natafuta nafasi ya fildi, yale mafunzo ya vitendo. Kila mtu anagombania makampuni makubwa. Mimi nimewaza nije hapo kwenu kiwandani. Nilale nyumbani, nile kwa Mama, twende kazini pamoja tukinuka pamoja. Unasemaje?

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 9 Machi

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu. Sisi sote hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kazi inaendelea vizuri. Hongera sana kwa kufaulu, Mama amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kuhusu fildi: huku usije. Na makampuni makubwa usiyakimbilie, watakuvalisha koti jeupe na kukutuma fotokopi. Tafuta mtambo mdogo wa kusafishia maji, wenye pampu zinazosumbua na mafundi wanaopenda kuongea. Hapo utashika vitu kwa mikono. Andika taarifa yako kila siku, usingoje mwisho. Ukiomba kazi siku moja, hawatauliza ulifanya fildi wapi, watauliza ulifanya nini.

Simu yangu imepasuka kioo, kwa hiyo hata ya nyumbani tuandikiane.

Dada yako akupendaye


Mtambo wa maji, tarehe 2 Mei

Kwako Dada,

Shikamoo. Nimefika fildi. Pampu zinasumbua, mafundi wanaongea, kila kitu kama ulivyoagiza. Fundi mkuu ananiita Injinia mbele za watu, halafu ananiagiza chai.

Ila Dada, barua yako ilinishangaza. Hata kisigino kimoja hakikutajwa! Nimewaambia hapa kwamba dada yangu ama amepandishwa cheo, ama amepata mchumba. Ni kipi?

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 20 Mei

Kwako mdogo wangu,

Hatujambo. Vyote viwili, cheo na mchumba! Wewe soma, usihangaike na sisi. Mama anakusalimu.

Dada yako


Mtambo wa maji, tarehe 28 Juni

Dada,

Nisamehe, sianzi na salamu. Leo wametukusanya kwenye chumba cha klorini kutukumbusha usalama, na mimi, Kiherehere, nikanyoosha mkono kuwasimulia habari ya gesi yenu. Nikafika pale pa "harufu ikipotea kimbia". Machozi yakanitoka hapo hapo. Fundi mkuu akadhani klorini inavuja, akatutoa wote nje.

Toka Machi hujalalamika. Wewe! Mtu uliyemnung'unikia mpiga picha siku ya mahafali yako mwenyewe. Na mimi nimekuwa yule mgeni wa pale kwenu, nacheka, natangaza mchumba. Nimempigia Mama, anasema "dada yako yuko sawa" kwa sauti ya mtu anayesoma maneno ubaoni.

Nakuomba, lalamika kidogo. Mstari mmoja tu unatosha. Ukisema njoo, nakuja.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 15 Julai

Kwako Kiherehere wangu,

Mwandiko ni wa Mama, maneno ni yangu. Umenikamata. Somo la usalama umelifaulu.

Umetaka malalamiko, haya shika. Godoro lina bonde katikati, nikilala nazama. Muuguzi anayekuja kuniona ana mikono ya barafu. Chai ya Mama haina sukari. (Mama: si kweli, nimetia.) Mama anasali kwa sauti mpaka Mungu mwenyewe anaomba apumzike. Ni mapafu, mdogo wangu. Daktari hasemi ni kiwanda, hasemi si kiwanda. Kiwanda kilituma kadi na matunda, na matunda yenyewe mabichi. Nimeacha kazi tangu Machi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni napumzika njiani kama mzee. Nalalamika kwamba sitakuona kwenye joho, na najua litaburuta chini kwa huo ufupi wako. Nalalamika kwamba naogopa. Hilo sijamwambia mtu, sasa Mama ameliandika na anafuta macho.

Nilinyamaza ili umalize fildi. Nilidhani nakushauri vizuri. Sasa nakupa ushauri mwingine, ufute ule wote: fildi hurudiwa, mtihani hurudiwa, mimi sirudiwi. Njoo. Mama alitaka akupigie simu nimemkatalia, maana utaipokea juu ya tangi uanguke. Barua utaisoma umekaa.

Dada yako


Chuoni, tarehe 14 Septemba

Kwako Dada,

Karibu kila barua nilianza kwa salamu. Hii sijui niianzeje.

Barua yako ilikaa mezani kwa karani wa mtambo, mimi nikiwa na mafundi huko juu kwenye chanzo cha maji, hakuna mtandao, hakuna lolote. Niliporudi niliisoma nimekaa, kama ulivyotaka. Nilikuwa nalifunga begi simu ikaita. Ni Mama. Analia, nikajua nimechelewa.

Wenzako wa kiwandani walikuja wote msibani, na nguo za kazi, walitoka zamu moja kwa moja. Nyumba nzima ilinuka ngozi. Majirani walisogea uani. Mimi nilikwenda kukaa katikati yao na nilipoona wanaanza kuaga nikawashikilia, kunyweni chai tena jamani, mna haraka gani.

Fildi nitairudia mwakani. Mhadhiri wa thamodinamiki aliniandikia barua ya ruhusa kwa mkono wake, akaniambia nisiache. Sitaacha. Lakini nakulalamikia, Dada. Ulinifundisha harufu ya hatari, halafu wewe mwenyewe ukaniziba pua. Nina hasira na wewe, na nimekumiss mpaka naongea peke yangu.

Jioni hii nimempigia Mama. Tangu msiba alikuwa ananililia kila siku: mgongo, paa, jirani na redio yake. Leo nimemuuliza hali, akasema yuko sawa kabisa, hana shida yoyote, mimi nisome tu. Nikamuuliza mgongo. Umepona. Nikamuuliza paa. Liko sawa.

Jumatatu nina mtihani. Mtihani hurudiwa. Begi langu liko mlangoni, nasafiri kesho asubuhi.

Mdogo wako,
Kiherehere