Nimeiziba Pumzi Pikipiki ya Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo mume wangu anaiuza pikipiki yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na anayeiua pikipiki hiyo ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mwoka mikate. Pikipiki aliinunua kabla hajanioa, ndugu zake wakaibandika jina la Bi Mkubwa kwa kuwa ilinitangulia nyumbani, mimi nikawa Bi Mdogo, na tumezoeana hivyo miaka ishirini na moja. Kila siku saa kumi hunipitia kazini, napanda nyuma, tunarudi, na nyumbani tuko watu saba na redio isiyozimwa, yeye anakula, anaoga, saa mbili amelala kwa sababu alfajiri tanuri linamngoja, kwa hiyo mwaka mzima ungeweza kupita tukaongea habari za sukari kuisha na bomba kuvuja tu.

Miezi minne iliyopita Bi Mkubwa alizimika njiani, mbele ya ukuta wa kiwanda cha mbao, akakataa kuwaka. Mume wangu alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni, akachomoa plagi, akaikuta imejaa masizi, akaisugua kwa kitambaa, akasema tuiache injini ipoe kwanza. Tukakaa juu ya gogo kama dakika arobaini, na katika dakika hizo, mshauri, aliniambia kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu waletewe mashine mpya ya kukandia unga, kwamba watu anawaitikia kwa kubahatisha, na kwamba alinificha ili nisimwone mzee. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyo na sikujua. Nikamuuliza, "Na mimi huwa unanibahatisha?" Akasema, "Wewe nakusoma mdomo." Tulicheka mpaka mpita njia akasimama kututazama.

Kesho yake alinunua plagi mpya, ugonjwa ukaisha. Usoni nilifurahi, moyoni nikanyong'onyea.

Wiki mbili baadaye fundi mmoja wa pikipiki alileta ovaroli nimbadilishie zipu, na huku akisubiri akanisimulia kwamba kwenye kifuniko cha tangi la mafuta kuna kitundu kidogo cha kuingiza hewa, kikiziba mafuta hayashuki, pikipiki inakwenda mwendo mfupi halafu inakufa, na watu wanafungua injini nzima bure. Nikasema kumbe pikipiki nayo hupumua. Siku ya pili mume wangu aliponipitia na kuingia ndani kunywa maji, nilitoka nje na kipande cha nta, ile ninayopaka uzi wa vifungo, nikakibonyeza kwenye kile kitundu. Bi Mkubwa hakumaliza robo saa. Tukakaa kando ya barabara, tukaongea.

Tangu hapo nimefanya hivyo mara mbili kwa wiki, na tukifika nyumbani, yeye akiwa anaoga, naitoa nta kwa pini ili asikwame alfajiri peke yake. Njiani akifungua tangi anaona mafuta yapo, anafunga, kumbe kwa kufungua ameshaingiza hewa, baada ya muda inawaka, naye anadhani ni kwa sababu imepoa. Wifi yangu anasema Bi Mkubwa ana wivu, hufa nikipanda mimi tu. Sisi wengine tulicheka, ila mume wangu aliacha kucheka zamani. Ameosha kabureta mara tatu, amebadilisha koili, amebadilisha waya, na anakaa uani na vyuma miguuni kama mtu aliyepoteza kitu.

Wiki iliyopita tulipata wageni, nikasahau kuitoa nta. Asubuhi yake alikuwa na mapumziko, akaenda sokoni, na pikipiki ikamfia katikati ya njia panda. Lori lililokuwa nyuma yake lilifunga breki likasimama hatua mbili kutoka mgongoni mwake. Alirudi akiisukuma. Alikaa kwenye kizingiti, akatazama viganja vyake, akaniambia, "Sikio limetangulia, sasa mikono nayo inafuata. Wacha nimuuze Bi Mkubwa kabla sijaua mtu." Nilikuwa na ndoo mkononi, nikaenda nayo kuchota maji.

Je, niache tu kuiziba, pikipiki ipone yenyewe na mambo yapoe, au nimwambie? Hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe, na ndiyo maana naogopa.

Wako,
Bi Mdogo

MSHAURI ANAJIBU

Bi Mdogo,

Nilisoma barua yako nikicheka peke yangu ofisini, hadi nilipofika penye lori. Hapo niliiweka chini. Nawe ulipaswa kuiweka nta chini siku ile ile, si kuniandikia na kungoja zamu ya barua yako.

Sikuiti mbaya. Mwanamke anayetamani kukaa kando ya barabara na mume wake wa miaka ishirini na moja si mbaya, na wako wengi watakaosoma ukurasa huu wakakuonea wivu. Lakini tazama umefanya nini. Umemkaba koo mke mwenzio ili mume wenu akae na wewe, na mzigo wa kesi akaubeba huyo huyo mume. Mtu mwenye hofu ya kuzeeka amekuonyesha kidonda chake, nawe, bila kukusudia, ukawa unakitonesha mara mbili kwa wiki.

Unauliza kama uache kimya kimya. Usithubutu. Ukiacha kimya kimya pikipiki itapona, mumeo hatapona. Ataishi akijua kwamba kulikuwa na ugonjwa ambao mikono yake haikuuweza, na kila sahani itakayomponyoka atasema ndiyo hayo. Kinachomrudishia mikono yake ni kujua kwamba kabureta aliiosha vizuri mara zote tatu na koili aliifunga sawasawa. Hakushindwa. Alikuwa anatafuta jini aliyefugwa na mke wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumamosi, mwambie leo, mchana, pikipiki ikiwa imesimama uani na hakuna safari ya mtu yeyote. Anza na kosa, usianze na mapenzi, maana ukianza na mapenzi itasikika kama unajitetea. Sema, "Mimi ndiye niliyekuwa naiziba." Mwonyeshe kitundu, mpe pini, akisafishe yeye. Nimemuuliza fundi aliye mkabala na ofisi yetu, na anasema kama vipande vya nta vimeangukia ndani ya tangi, mafuta yamwagwe na chujio libadilishwe. Hata siku ambayo huna hatia, pikipiki ikizimika na mafuta yapo, fungueni kifuniko kwanza: mkisikia hewa ikivutwa ndani, mmeupata ugonjwa.

Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimfuate na chai kila dakika tano. Ana haki ya hasira yake, na wewe huna haki ya kumharakisha.

Akishapoa, mwombe kwa mdomo kile ulichokuwa unakiiba kwa nta. Na sikio lake lipelekwe kwa daktari, mwende wawili.

MWANDISHI ALITUANDIKIA TENA, BAADA YA WIKI TATU

Mshauri, nilimwambia Alhamisi, uani. Nilianza na kosa kama ulivyosema. Alinisikiliza huku akinitazama mdomo. Halafu alichukua pini, akakichokoa kile kitundu, akakipuliza, akapiga kiki mara moja ikawaka. Aliiacha ingurume kwa muda mrefu, akaizima, akaingia ndani.

Siku mbili tulipishana kama wapangaji. Mkate alileta, salamu hakuleta. Jumamosi yule mnunuzi wa vyuma alikuja akaambiwa Bi Mkubwa hauzwi. Nilimsikia mume wangu akimweleza kuwa kosa limeonekana, lilikuwa dogo tu, la hewa. Hakunitaja.

Kwa daktari tumeshakwenda. Amesema sikio halitarudi kama zamani, ila lililobaki linaweza kulindwa, na sasa kazini anavaa vizibo.

Jumatatu iliyofuata alinipitia saa kumi kama kawaida. Tulipofika kwenye uwanja wa shule, mahali ambapo hatujawahi kukwama hata siku moja, alipunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima injini kwa mkono wake. Nikamuuliza kuna nini. Akashuka, akakaa kwenye majani, akaniachia nafasi upande wa sikio lake zima.

"Miezi mitatu nafungua kabureta," akasema. "Si ungesema tu nisimame?"