Neno Nililotoka Nalo Kitale

Bungoma, Agosti 2004

Mjukuu wangu Nasimiyu,

Sisi tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa ndama jike. Lakini barua yako imenivuruga kichwa. Unauliza kama najua maana ya "stubborn". Unasema kamusi ya shuleni kwenu inasema ni mkaidi, na eti hata Waingereza wenyewe hawana hakika neno lilitoka wapi.

Mimi najua nililitoa wapi. Nilikuwa kijana, nikilima na maksai kwa shamba la mzungu karibu na Kitale. Siku moja maksai mmoja akalala chini, amechoka. Mzungu akaniamuru nimchape. Nikakataa, nikaketi kando yake mpaka akainuka mwenyewe. Mzungu akatikisa kichwa, akasema, "Stubborn!" Kesho yake akaniachia maksai wote niwatunze. Sasa ningejuaje kwamba ni tusi?

Kwetu mtoto huitwa kwa jambo lililotokea, kama wewe uliyezaliwa kiangazi ukaitwa Nasimiyu. Baba yako alipozaliwa, nikampa neno hilo. Sisi hutamka Sitaboni, na kanisani wakaliandika hivyo.

Mpaka leo sielewi kama yule mzungu alinisifu au alinitukana. Jana nilimwita baba yako, nikamweleza yote kwa aibu, nikamwomba tumtafutie jina lingine.

Amekataa kabisa. Ameketi hapo mlangoni, na hainuki.

Ni mimi babu yako