Mafiga Yaliyooza

Mama, shikamoo. Huku Ngorongo hatujambo. Mjukuu wako Rehema mzima, ila usingizi hanipi.

Yale mafiga ya mawe niliyokuahidi, ili chungu kisipinduke tena kikakuunguza mguu, niliyaokota jana kilimani: matatu mekundu, makubwa. Mtoto mgongoni, beseni la mawe kichwani, najiona shujaa. Kufika kwa wifi Zuhura nikalitua kwa kishindo, mawe yote yakawa kifusi!

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. "Nyie watu wa Delta, mawe hamyajui! Hayo yameoza kwa jua na mvua. Jiwe hugongwa kwanza, likilia ndiyo unabeba."

Kumbe mawe huoza, mama! Mvua inayamomonyoa, mto unayashusha mpaka huko kwetu Delta. Unga wake ndiyo tope letu, na chembe nzito zisizooza ndiyo ule mchanga mweusi unaong'aa ufukweni. Mimi nilikuwa nakubebea tope, na maringo juu!

Leo nimeshinda nagonga mawe kama mwehu. Mawili yamelia, la tatu bado nalisaka. Mpaka nirudi, chungu kikubwa usikiinjike. Nakupenda, na ubishi sitaki.

Mwanao,
Mwajuma