Breki Ilijifunga Yenyewe

Baba Felista,

Ugali na mlenda vimo kwenye hotipoti. Kuku nimeshawafungulia. Nimetangulia Kiomboi kwa basi kumuuguza mdogo wako Lazaro, sijakususa.

~~Gari lako sipandi tena.~~ Hilo nimelifuta, nilikuwa na hasira.

Najua asubuhi ulikuwa unaendesha huku unasoma ujumbe wa hospitali kuhusu Lazaro. Hata mimi roho ilikuwa juu. Lakini gari lilipojifunga breki pale Unyambwa, ukacheka: "Umeona? Hili lina macho." Tangu ulinunue, barabara umeliachia lenyewe.

Nilishuka, wewe ukarudi kwenye simu. Yule bibi tuliyekaribia kumgonga alikuwa amekaa chini mbele ya bampa, nyanya zake zimetapakaa lami nzima. Tukaziokota pamoja. Akaniuliza, "Mwanangu, dereva hakuniona?"

Kesho ukija, simu ashike Felista, akusomee yeye. Tafadhali, mume wangu. Wagonjwa wawili sitawaweza.

Yule bibi nilimjibu, "Alikuona, bibi, ndiyo maana akasimama."

Akasema, "Basi Mungu ambariki."

Nikashindwa kuitikia amina.

Mama Felista