Kwa Papa Jean-Berchmans, Uliyewaketisha Viongozi wa Kagugu Meza Moja

Mwaka umezunguka, Papa, tangu asubuhi ile tulipotoka nyumbani pamoja nawe kwenda hospitali, tukarudi bila wewe. Mama bado akiamka hutega sikio kwanza. Sisi watoto, simu ikilia mapema, tunatazamana kabla ya mmoja wetu kuipokea.

Sokoni Nyabugogo walikujua kwa magodoro uliyouza. Ulikulia Bujumbura, ukarudi Rwanda na Kiswahili chako cha mtaa wa Buyenzi, na kwa Kiswahili hicho ulipatana bei na Mkongomani, Mtanzania na mama wa Kagugu anayemtafutia mtoto wake godoro la internati, shule ya bweni. Mteja akikosa namna ya kubeba, ulilikunja godoro mwenyewe, ukalifunga kamba, ukalisindikiza hadi barabarani. Ulipenda chungwa baada ya chakula. Ulipokuwa na wasiwasi ulipiga mluzi, na nyumba nzima ilijua.

Mwaka kanisa letu lilipofungwa, ulipiga mluzi kutwa nzima.

Ulikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mlikuwa wachache: Pasta Léonidas, Mama Claudette wa akina mama, Valens aliyeongoza vijana, Nahimana, fundi, aliyesimamia jengo, na wewe. Wakaguzi wa serikali walisema mlango utabaki umefungwa hadi masharti yatimie: vyoo, kuta zinazozuia sauti, na mchungaji aliyesomea theolojia. Tulidhani taabu itakuwa kujenga vyoo. Taabu ikawa ninyi wenyewe.

Pasta alitaka tukodi ukumbi wa hoteli kule Kiyovu, ibada ziendelee mara moja. Valens akasema hapana, nguvu zote ziende kwenye jengo. Vijana wakaanza kutawanyika kwenye makanisa mengine, na Pasta akamwambia Valens mbele ya watu kwamba ndiye anayewatoa. Maneno yakahamia kwenye simu, kwenye kundi la wazee, na huko yakawa makali zaidi. Nahimana akaacha kujibu. Mama Claudette alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kochi, akalia bila kueleza kitu.

Daktari alikuwa ameshasema kuhusu moyo wako. Mama alikusihi.

"Papa Umulisa, acha hiyo kazi. Moyo wako iko mgonjwa."

"Nikiacha sasa, watagawana watu kama vile watoto wanagawana shamba."

"Na wewe ukianguka?"

Ukapiga mluzi. Tulikuwa tunakuangalia ukipanda ile ngazi ya nje, tukihesabu pumzi zako bila kukwambia.

Jumamosi moja ukawaalika wote chakula cha mchana. Mimi Umulisa na Belyse tulipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, na tulipika kwa hofu, maana hatukujua kama watakaa hata dakika chache. Walikuja. Walisalimiana kama watu waliokutana benki wakisubiri zamu. Pasta alikaa upande wa dirisha, Valens upande wa mlango.

Ukasema, "Leo hakuna habari ya jengo. Kila mtu atuambie nyumbani kwake iko namna gani."

Belyse akataka kurudisha sahani jikoni. Ndipo Valens akasema, akiangalia meza, "Mimba ya mke wangu ilitoka. Mwezi uliopita."

Mama Claudette akaweka uma chini. "Valens! Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Tulikuwa tunagombana."

Hakuna aliyekula. Pasta Léonidas aliinuka kidogo kama anayetaka kumwendea, akakaa tena. Wewe hukumwonea haya. Ulimgeukia ukamuuliza kwa sauti ile uliyotumia kuniuliza mimi nilipofeli mtihani, bila hasira:

"Pasta, wewe unaogopa nini?"

"Mimi siogopi kitu, Mzee."

"Pasta."

Nilikuwa mlangoni na bakuli la wali, nikashindwa kuingia. Nilimwona mtu aliyetubatiza sote akifuta uso kwa kitambaa cha mezani.

"Mimi sina hiyo diplome ya theolojia," akasema. "Mlango ukifunguliwa, mtaleta mtu mwingine. Nilitaka nihubiri hata kidogo kule hoteli, kabla hamjanifukuza."

Valens ndiye aliyejibu. Alisema, "Pasta, wewe ndiye ulinizikia baba. Nani anakufukuza?" Akazunguka meza, akamshika bega.

Ukasema neno ambalo Nahimana analirudia mpaka leo: "Sasa ndiyo tumeanza kuwa wazee wa kanisa. Mpaka asubuhi tulikuwa watu wenye vyeo tu."

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo, lakini walianza kutazamana. Mkakubaliana Pasta aende kusoma, na nafasi yake isiguswe. Kanisa la jirani likatupa ukumbi wake wakati wa alasiri. Mama Claudette na Valens wakapokezana kuhubiri. Nahimana akarudi kwenye jengo na vijana wake wa saruji. Na ninyi wazee mkawa mnaanza kila kikao kwa kuulizana habari za nyumbani, hata kama ajenda ilikuwa choo.

Kisha ukatuacha, Papa, mlango bado umefungwa.

Siku ya maziko hatukulia kwa ajili yako peke yako. Tuliwatazama wale wanne wamesimama kando ya kaburi, tukajiuliza nani sasa atawaketisha. Na hofu yetu haikuwa ya bure. Walipomchagua Mama Claudette akae mahali pako, wako walionung'unika kwamba ni mwanamke. Baadaye wengine wakampenda mno. Tuliwasikia wakisema nje ya ukumbi, "Pasta akirudi, akae nyuma. Huyu mama anahubiri kumpita." Mama yetu alikuwa akirudi na maneno hayo nyumbani, hali chakula. Tuliona kazi yako ikipasuka palepale ulipoishona.

Jumapili ya kufunguliwa kwa kanisa, jengo likiwa tayari, Pasta alikuwa amemaliza masomo. Kanisa lilijaa hadi uani. Mama Claudette alikuwa katikati ya somo Pasta alipoingia na mkewe. Pasta akasita mlangoni. Watu wakageuka, minong'ono ikaanza. Mama yetu alinishika mkono hadi ukauma. Mama Claudette akashuka, akamnyooshea Pasta maikrofoni.

Pasta hakuipokea. Akasema, na tulio mbele tulisikia vizuri, "Dada, hawa watu umewalisha wewe. Malizia somo. Mimi nitahubiri siku wazee mtakayonipangia."

Akaenda kukaa karibu na Valens, akampakata mtoto wa Valens. Ndiyo, Papa, wana mtoto. Msichana mnene, hamkatai mtu yeyote. Alilala kifuani kwa Pasta ibada yote, na watu waliokuja kutazama ugomvi wakakosa cha kutazama.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini wewe ungejua kwamba tunaficha kitu.

Wazee wanamwomba Régis aingie miongoni mwao. Mwanao, mwenye mwendo wako na mluzi wako. Mama alikataa kwa wiki nyingi. Alisema kanisa lilimchukua mume, halitachukua mtoto. Sisi hatukuweza kumlaumu, kwa sababu tumejua baadaye kwamba maumivu ya kifua yalianza zamani, nawe ukatuficha. Uliuliza kila mtu anaogopa nini. Tulipokuuliza wewe, ulicheka ukaomba chungwa. Papa, tunakupenda, na bado hilo linatuuma.

Mama Claudette alipokuja kuzungumza, Mama alimwambia usoni, "Mlimchosha mume wangu."

Mama Claudette hakujitetea. "Ni kweli, Mama Umulisa. Alikuwa anatubeba, na sisi tulikaa tu mgongoni." Akaeleza kwamba sasa uenyekiti wanapokezana, kwamba anayeugua hupumzishwa kwa lazima, na kwamba Pasta mwenyewe ndiye aliyeliomba hilo kwa sababu yako. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakujibu siku hiyo.

Alijibu Jumatatu iliyopita, tukiwa wote mezani. Alimwambia Régis, "Nenda. Lakini ukichoka, sema. Baba yako hakusema."

Régis akaweka kijiko chini. "Mama, mimi naogopa hata kabla sijaanza."

Mama akamtazama sana. Kisha akacheka, kicheko ambacho hatujakisikia tangu utuache. "Basi hapo umeshampita baba yako."

Bado tuna wasiwasi, Papa. Hatutakudanganya. Mama ameshamwekea Régis miadi kwa daktari wa moyo, naye amekubali kwenda.

Jumapili hii, baada ya ibada ya Kiswahili kanisani Kagugu, tutamshukuru Mungu kwa ajili yako. Ndugu, majirani na marafiki wa Nyabugogo mnakaribishwa wote.

Unakumbukwa na mkeo Daphrose, wanao Umulisa, Régis na Belyse, mkweo Mugenzi, wajukuu zako Shimwa na Cyusa, dada yako Mukandekezi aliyeko Bujumbura, na wazee wenzako Léonidas, Claudette, Valens na Nahimana, walioomba majina yao yaandikwe pamoja na ya familia.

Hatutakusahau, Papa, siku zote tutakazopewa.